UZI: Daihatsu, kiwanda kilicho nyuma ya Passo, Cami, Rush na bB: historia, injini zake na magonjwa yanayojirudia

Spana_Kumi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Magari mengi madogo yenye nembo ya Toyota yanayoshuka bandari ya Dar na Mombasa hayakubuniwa na Toyota. Duet, Cami, Sparky, Passo, Rush, bB ya kizazi cha pili, TownAce ya kuanzia 2008: yote hayo ni kazi ya Daihatsu ya Osaka. Hata Probox, ambayo watu wanaiona kuwa Toyota halisi, ilikuwa ikiunganishwa kwenye kiwanda cha Daihatsu kule Kyoto. Ukilijua hili unaokoa pesa. Anayefika dukani na kuomba "shokapu za Toyota 1300" anarudi na kitu kisichoingia, kisha analaumu gari.

Historia kwa ufupi. Kampuni ilianzishwa Machi 1907 mjini Osaka kwa jina la Hatsudoki Seizo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa injini za gesi za viwandani. Magari hayakuwepo kabisa. Mwaka 1930 wakatoa chombo cha magurudumu matatu, na jina la Daihatsu likaanza kutumika rasmi 1951. Mwaka 1957 ikaja Midget, kigari cha mizigo cha magurudumu matatu chenye injini ya daraja la cc 250, ambacho kwa wenye maduka madogo wa Japani kilikuwa mkombozi. Midget zilizopelekwa Thailand ndizo chanzo cha tuk-tuk za kule. Hijet ikafuata 1960, na hadi leo bado inatengenezwa.

Ushirika na Toyota ulianza 1967. Toyota ilivuka nusu ya hisa mwaka 1998, na Agosti 2016 ikaichukua Daihatsu yote. Katikati hapo ndipo ilipotoka Charade ya 1977, cc 993, silinda tatu. Wazo la silinda tatu ambalo watu wanaliona geni kwenye Passo, Daihatsu wamelifanyia kazi miaka mingi. Na wanaosema vigari hivi ni vya lami tu, waangalie matokeo ya Safari Rally ya 1993 kule Kenya: Celica nne za Toyota zilishika nafasi nne za juu, na nyuma yake nafasi ya 5, 6 na 7 zikachukuliwa na Charade.

Nje ya Asia kampuni ilijiondoa taratibu: Marekani 1992, Australia 2006, Ulaya mwanzoni mwa 2013. Ilipobaki na nguvu ni Japani, Indonesia, na Malaysia kupitia Perodua, iliyoanzishwa 1993 na kutoa Kancil 1994 juu ya msingi wa Mira.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Msiangalie jina la gari, angalieni msimbo wa chesesi na msimbo wa injini, yote ipo kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango.

Passo ya kwanza (2004 hadi 2010): KGC10 ni ya cc 996, injini 1KR-FE. KGC15 ni hiyohiyo yenye 4WD. QNC10 ni ya cc 1297, injini K3-VE. Passo ya pili (2010 hadi 2016): KGC30 bado ni 1KR-FE lakini kwa gia ya CVT (otomatiki ya mkanda na puli), NGC30 ni 1NR-FE ya 1300. Ya tatu (kuanzia 2016): M700A, na M710A kwa 4WD, zote 1KR-FE. Pacha wake anaitwa Daihatsu Boon.

Terios ya kwanza ni J100 na Cami ni ndugu yake. Za mwanzo zina HC-EJ, za baadaye K3-VE. Rush ni pacha wa Daihatsu Be-go, injini 3SZ-VE ya cc 1495: J200 ni 2WD, J210 ni 4WD. bB QNC20 ina K3-VE na QNC21 ina 3SZ-VE.

Karibuni tuchambue. Wenye uzoefu wa gereji mwage ujuzi.

Kijiti_cha_Oili

Mkuu Spana, asante kwa uzi huu. Naomba niingie kwenye 1KR-FE, kwa sababu ndiyo injini iliyo nyingi zaidi barabarani na ndiyo inayouawa kizembe zaidi.

Kwanza, ni injini nzuri. Ina uzito wa kilo 69 tu, imefungwa kwenye Vitz KSP90, iQ, na Aygo za Ulaya pamoja na pacha zake Citroën C1 na Peugeot 107. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora ya chini ya lita moja miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Inatumia taimingi cheni, kwa hiyo hakuna belti ya kubadili. Angalizo: Vitz ya zamani SCP10 haina injini hii, ile ni 1SZ-FE ya silinda nne. Usinunue spea za hii ukafunge kwenye ile.

Tatizo lake kubwa hapa kwetu ni kula oili, na sababu inaeleweka. Sampu yake, yaani bakuli la oili chini ya injini, inabeba takriban lita 3 tu ukijumlisha na filta. Injini inayobeba lita 5 za oili ikipungua lita moja bado ina akiba kubwa. Hii ikipungua lita moja, theluthi imeondoka. Oili iliyobaki inafanya kazi ya oili yote, inapata joto zaidi, inaungua na kuacha masizi. Masizi yanaziba vitundu vidogo vya kurudishia oili kwenye pistoni, ringi ya oili inaganda, na kuanzia hapo oili inapanda juu na kuungua zaidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Badilisha oili kila kilomita 5,000, filta kila mara, bila kuruka. Weka 5W-30 iliyo halisi. Kwa M700A kitabu kinataka 0W-20. Hiyo 20W-50 ambayo mafundi wengi wanaisukuma "kwa sababu ni nzito, haitaungua" haitibu ringi zilizoganda. Inachelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na cheni pamoja na mfumo wa VVT (unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) ndivyo vinavyolipa. Pima kijiti kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa tambarare na injini ikiwa baridi. Kuna dereva anayesubiri taa ya oili iwake: taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka ujue beringi za krenki zimeshaanza kusagika.

Asha_Tabata

Kaka Kijiti, na kama gari tayari linakula oili? KGC10 ya 2006, moshi wa bluu, fundi anasema nibadilishe injini nzima.

Kijiti_cha_Oili

Dada Asha, usikubali injini nzima kabla ya vipimo vitatu.

Cha kwanza, angalia moshi unatoka lini. Ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha ukakata, hizo ni sili za valvu: oili imechuruzika usiku kupitia kwenye shina la valvu. Kazi hiyo ni ndogo ukilinganisha na kushusha injini. Ukitoka muda wote unapokanyaga mafuta kupanda kilima, ni ringi. Ukitoka pale unapoachia pedali kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, rudi kwenye sili za valvu.

Cha pili, valvu ya PCV, inayotoa mvuke na presha ya ndani ya injini. Ni kitu kidogo cha bei ndogo juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini). Itoe, itikise: lazima isikike ikigongagonga ndani. Ipulize: upepo upite upande mmoja tu. Ikiwa imeziba, presha ya ndani ya injini inasukuma oili kwenda kwenye njia ya hewa na kila sili. Wapo wanaofungua injini nzima wakati ugonjwa ulikuwa hapa.

Cha tatu, kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote tatu zitolewe, koili na nozeli zichomolewe umeme, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, kisha piga stata. Andika namba za silinda zote. Halafu mimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Kompresheni ikiwa nzuri lakini oili inapotea, ni ringi ya oili peke yake iliyoganda. Hapo injini bado ina uhai mrefu mbele: pistoni zinatolewa, vitundu vinasafishwa, ringi mpya za saizi ya kawaida zinafungwa, sili za valvu zinabadilishwa kwa pamoja. Injini ya mtumba nayo ni kamari, maana inatoka kwenye gari lililoishi maisha usiyoyajua.

Halafu dada, injini iliyokula oili muda mrefu huziba masega ya katalisti kwenye ekzosi. Ukishatengeneza na gari bado ni zito kupanda, au mashine ya kusomea makosa inaonyesha kosa P0420, angalia hapo.

Mtambo_wa_Kisauni

Salaam ndugu zangu. Niongeze suala la joto, huku Mombasa linaua Passo nyingi.

Passo ya kwanza haina geji ya joto. Ina taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Kati ya hizo mbili hujui lolote. Nyekundu ikiwaka mwenye gari bado anajiambia nifike stejini pale mbele, na silinda hedi ya aluminiamu haitaki mita mia mbili hizo. Ikishapinda, gasketi inapuliza, na hata ukibadili gasketi bila kupeleka hedi kusagwa itapuliza tena baada ya muda mfupi.

Chanzo cha kwanza cha kuchemka kwenye 1KR ni pampu ya maji. Ina kitundu kidogo cha kuvujia chini yake. Sili ikichoka, kulanti inatoka hapo kidogokidogo na kuacha ukoko wa waridi au mweupe kwenye mwili wa pampu. Mulika kwa tochi upande wa belti. Ukiona ukoko, usisubiri mlio wa beringi, badilisha. Chanzo cha pili ni kifuniko cha rejeta kilicholegea springi. Hakishiki presha, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa ya akiba. Kifuniko ni rahisi kuliko vyote na ndicho cha mwisho kukumbukwa.

Tabia ya kutoa thamostati iachwe kabisa. Wanaitoa wakidai nchi yetu ni ya joto. Matokeo yake injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli nyingi, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachanganyika na petroli. Kisha mwenye gari analalamika kwamba cc 1000 inakunywa kama 1500.

Na maji ya bomba yasiingie kwenye rejeta. Changanya kulanti na maji yaliyochujwa, nusu kwa nusu, au nunua iliyokwisha kuchanganywa.

Asha_Tabata

Asanteni sana, nimeelewa. Gari hilohilo linatetemeka sana kwenye foleni, gia ikiwa D na breki imekanyagwa. Fundi anataka kubadili injini maunti zote.

Spana_Kumi

Dada, silinda tatu kutetemeka kidogo ni maumbile yake. Kutetemeka hadi kioo cha pembeni kisisomeke ni ugonjwa. Anza na vya bure kabla ya kununua maunti.

Toa boksi la hewa lililolala juu ya injini, utaona koili tatu, kila moja imeshikwa na bolti moja ya spana namba 10. Soma kwanza makosa kwa mashine. Ikitoka P0301, P0302 au P0303, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda isiyochoma. Tuseme ni P0302: hamisha koili ya pili uiweke ya kwanza, na ya kwanza uiweke ya pili. Futa kosa, endesha, soma tena. Kosa likihamia P0301, koili ndiyo mbovu, nunua moja tu. Likibaki P0302, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Bado liko palepale? Sasa ni nozeli au kompresheni.

Kama hakuna kosa lolote, safisha throtobodi. Ukoko mweusi unaoota ukingoni mwa kile kisahani unazuia hewa ya sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa laini, betri ikiwa imechomolewa, na usikisukume kisahani kwa nguvu kwa sababu kinaendeshwa na mota. Ukirudisha betri, acha injini iunguruke bila kuguswa hadi feni iwake, ili ijifunze sailensa upya.

Maunti sasa. Mtu mmoja akanyage breki, aweke D, aachie, aweke R. Wewe tazama injini kutoka pembeni boneti ikiwa wazi. Ikiruka upande mmoja, ya upande huo imekatika mpira. Inayokwenda mapema ni ile ya nyuma inayozuia injini isijipinde. Badilisha iliyokufa, usibadilishe tatu kwa sababu moja imekufa.

Dereva_Njiapanda

Wakuu, mimi niko upande wa Terios na Cami. Kuna kosa moja linafanywa kila siku na hakuna anayelikemea.

Terios J100 na Cami zenye 4WD huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwa mpangilio huo matairi manne lazima yawe na mzunguko sawa. Ukifunga mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma, au saizi tofauti, ile difu ya kati inazunguka muda wote hata ukienda moja kwa moja kutoka Chalinze hadi Segera. Imetengenezwa kufanya kazi kwenye kona, si safari nzima. Dalili ni mlio wa kuguna katikati ya gari na joto kwenye boksi.

Pili, kwenye zile zenye swichi ya kufunga difu ya kati, swichi hiyo ni ya tope na mchanga tu. Ukiacha imefungwa kwenye lami kavu, gari linakaza kwenye kona na unavunja vitu.

Tatu, mafundi hutoa propela ya nyuma "kupunguza mafuta". Difu ya kati ikiwa haijafungwa, nguvu inakimbilia upande usio na mzigo na gari halisogei. Ili lisogee wanafunga difu moja kwa moja. Umebaki na gari la mbele tu ambalo mfumo wake umeharibiwa, na nafuu ya mafuta hairudishi gharama hiyo.

Difu ya nyuma weka 80W-90 ya daraja la GL-5. Kabla ya kufungua bolti ya kumwagia, hakikisha bolti ya kujazia inafunguka. Ikigoma wakati umeshamwaga, gari limelala gereji.

Za HC-EJ zina taimingi belti, tofauti na K3-VE yenye cheni. Kama hujui belti iliyopo ilifungwa lini, ihesabu imeisha. Badilisha pamoja na tenshena, sili ya kamu na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Na Rush: 2WD yake, J200, inasukuma kwa nyuma. Wengi wananunua wakidhani inavuta mbele, halafu wanashangaa kwenye tope la Tukuyu.

Kijiti_cha_Oili

Mkuu Dereva umenena. Niunganishe na K3-VE na 3SZ-VE zilizo kwenye hizo gari, pamoja na bB.

Zinavuja kupitia tapeti kava. Gasketi ikikauka, oili inaingia kwenye visima vya plagi na kuloweka mpira wa koili. Injini inaanza kukatakata, fundi anauza koili, baada ya mwezi inakufa tena. Ukitoa koili ikatoka na oili, tiba ni gasketi ya kava pamoja na mipira ya visima. Kausha kisima kabla ya kutoa plagi, la sivyo oili yote inadondokea ndani ya silinda.

Ukipata P1349 au P0011 na gari limekuwa zito, anza na valvu ya oili ya VVT. Imeshikwa na bolti moja kwenye hedi. Ichomoe, ioshe kwa dawa ya kabureta, iguse kwa umeme wa volti 12 sekunde moja tu: kile kijiti cha ndani lazima kiruke. Kisafishe na kichujio cha waya kilicho kwenye njia yake. Mara nyingi kilichoziba ni masizi ya oili iliyokaa muda mrefu, kwa hiyo mwaga na oili pia.

Cheni ikigonga sekunde mbili tatu asubuhi kisha ikanyamaza, tenshena haishiki presha. Usiizoee sauti hiyo.

Mkulima_wa_Ilula

Nauliza kuhusu Hijet ya kubeba mboga. Inafaa kweli kwa magunia?

Spana_Kumi

Ndugu Mkulima, inafaa ukiheshimu namba zake. Sheria ya Japani kwa daraja hilo la vigari vidogo ni injini isiyozidi cc 660, urefu usiozidi mita 3.40, upana mita 1.48, na mzigo kilo 350. Magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 pamoja na wewe na msaidizi wako, umefika mwisho. Watu wanapakia saba. Springi za nyuma zinanyooka, beringi za magurudumu zinalia, klachi inaungua. Lakini kinachoumiza zaidi ni injini: iko chini ya viti, inazunguka kwa kasi kubwa ikivuta uzito mara mbili, na joto lake halionekani hadi limedhuru.

Kwenye Hijet ya S200P injini iko katikati na rejeta iko mbele, kwa hiyo mabomba ya maji ni marefu na hewa inanasa humo. Ukibadili kulanti fanya hivi: egesha pua ya gari ikitazama juu kwenye mwinuko, fungua hita hadi mwisho wa joto, jaza polepole huku ukiminya mabomba. Washa bila kifuniko, ongeza kadiri usawa unavyoshuka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa ya hita ikitoka ya moto, mzunguko umekamilika. Ikitoka baridi bado kuna hewa imenasa, na hapo ukiondoka utachemsha.

Matairi yake ni 145R12 ya mzigo, yenye 6PR (alama ya uimara wa tairi). Usiweke ya gari dogo ya saizi hiyohiyo. Upande wake ni laini na utapasuka ukiwa na mzigo. Kila siku kabla ya kupakia kagua maji na oili. Kwenye lori hili dogo kazi hiyo ni dakika tano.

Mtambo_wa_Kisauni

Huku Kenya gari la kuagiza halitakiwi kuzidi miaka minane, kwa hiyo KGC10 na KGC30 tunazopata ni za mkononi. Zinazoshuka sasa ni M700A. Mambo mawili juu yake.

La kwanza, gia ni CVT. Haidroliki yake (oili ya gia) ni ya CVT, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukimimina ATF, oili ya gia otomatiki ya kawaida, mkanda wa chuma unateleza juu ya puli na kuzichimba. Dalili ni injini kupiga kelele huku gari haliongezi kasi. Likifika hapo, kumwaga haidroliki hakutibu. Mwaga na ujaze kila kilomita 40,000 kwa hali zetu, bila kutumia mashine ya kusukuma.

La pili, zenye mfumo wa kuzima injini gari likisimama kwenye taa za barabarani zinahitaji betri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, lebo yake ina herufi kama M-42 au N-55. Ukiweka ya kawaida inakufa upesi, na betri ikiwa dhaifu stelingi ya umeme inakuwa nzito na taa yake inawaka. Watu wanauziwa stelingi nzima. Pima betri kwanza: isiwe chini ya volti 12.4 gari likiwa limelala, na altaneta itoe kati ya 13.5 na 14.5 injini ikiunguruma.

Asha_Tabata

Na ile kashfa ya Japani ya majaribio ya usalama? Inanitia hofu, gari linabeba watoto.

Spana_Kumi

Una haki ya kuuliza dada, na jibu halitakiwi kupakwa sukari.

Aprili 2023 Daihatsu ilikiri kwamba majaribio ya kugongwa ubavuni yalichezewa kwa magari zaidi ya 88,000, mengi yakiwa Yaris Ativ ya Toyota. Mei ikafuata Rocky na Raize za haibridi. Tarehe 20 Desemba 2023 kamati huru ikatoa ripoti: visa 174 vya udanganyifu katika modeli 64, zikiwemo 22 zinazouzwa na Toyota, na kisa cha zamani zaidi kilikuwa cha 1989. Mojawapo ya waliyofanya ni kulipua mifuko ya hewa kwa kifaa cha kuhesabu muda badala ya kompyuta ya gari lenyewe. Kampuni ilisimamisha usafirishaji wa modeli zote, viwanda vya Japani vikafungwa mwisho wa mwezi huo, vikaanza kufunguliwa kidogokidogo Februari 2024. Januari serikali ilifuta vibali vya Gran Max, TownAce na Mazda Bongo, ambazo ni gari moja kwa majina matatu.

Maoni yangu: hilo ni kosa zito, na ripoti yenyewe ilitaja ratiba za uundaji zilizobanwa mno. Kwetu sisi, hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi ni gari la mtumba ambalo limegongwa, mifuko ya hewa imefyatuka, dashibodi imeshonwa na taa ya mfuko wa hewa imechomolewa balbu. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, taa hiyo lazima iwake kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna kilichofichwa. Na mikanda ya nyuma ivutwe yote, ishikilie ukiivuta kwa ghafla.

Mgeni_Jukwaani

Wakuu, kwa nini Tanzania Passo ya 1000 ni nyingi kuliko ya 1300 wakati ya 1300 ina nguvu zaidi?

Kijiti_cha_Oili

Kodi, mkuu. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi cc 1000 ni asilimia 0, kutoka hapo hadi 2000 ni asilimia 5. Passo ya cc 996 inapita, ya 1297 haipiti. Ukiongeza ushuru wa uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa, tofauti inaonekana.

Kwa safari za Dar hadi Mbeya ukiwa na abiria wanne, mimi ningechagua QNC10. Injini ya silinda nne inapumua vizuri kwenye mlima wa Kitonga, haikanyagwi hadi mwisho saa nzima. Kwa mjini KGC10 inatosha.

Dereva_Njiapanda

Kwa anayeenda kukagua Passo ya mkononi, fika mapema na umwambie muuzaji asiiwashe kabla yako. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili, fungua kifuniko cha oili utazame chini yake: ukoko mweusi mzito ni oili isiyobadilishwa, utelezi wa maziwa ni maji yameingia. Washa ukiwa na mtu anayetazama ekzosi. Sikiliza cheni. Kisha liendeshe kwenye matuta bila redio: mgongano mwepesi mbele ni stabilaiza linki, mzito ni maunti ya juu ya shokapu au bushi ya lowa aamu. Mlio unaoongezeka na kasi na kubadilika ukikata kona ni wili beringi. Ukikata kulia ukaongezeka, ni ya kushoto, maana uzito umehamia huko.

Simama, weka R, halafu D, hesabu. Gia ichukue kabla ya sekunde moja na nusu, bila kugonga. Ikichelewa ikiwa ya moto lakini siyo ikiwa baridi, haidroliki imekwisha au gia boksi imechoka, na bei ishuke kwa gharama ya gia boksi nzima au uondoke.